Hapo Si Nusu ya Njia ya Pale

Miongoni mwa mafundisho yanayorithiwa madarasani bila ya kuulizwa hati zake, mojawapo ni lile lisemalo ya kwamba vionyeshi vya Kiswahili ni vya namna tatu, na kwamba namna hizo zimepangwa kwa urefu wa njia. "Hapa" ni karibu, "hapo" ni mbali kidogo, na "pale" ni mbali zaidi. Mwanafunzi huchorewa mtu amesimama na mbele yake miti mitatu: mmoja puani pake, wa pili hatua chache, wa tatu ukingoni mwa karatasi. Huambiwa autazame mti, akadirie masafa, kisha ajaze pengo. Akijaza kama mchoro upendavyo hupewa alama, na akijaza kama mama yake asemavyo hunyimwa. Fundisho hili ni jepesi kulifundisha, jepesi kulisahihisha, na si la kweli.

Udhaifu wake waonekana katika mchoro wenyewe. Msemaji yumo, miti imo, lakini msikilizaji hayumo. Mtu amechorwa akiusemesha mti, au akijisemesha mwenyewe kama aliyerukwa na akili. Lugha haikuwekwa kwa haja ya mtu wa namna hiyo. Iliwekwa kwa haja ya watu wawili au zaidi, na kila amtajiaye mwenziwe mahali huangalia kwanza mwenziwe yuko wapi. Kiswahili kimelitia jambo hili katika sarufi yake. "Hapa" ni penye msemaji. "Hapo" ni penye msikilizaji, au mahali ambapo msikilizaji amekwisha kufikishwa kwa maneno yaliyotangulia. "Pale" ni mahali palipo nje ya wote wawili, pa kuoneshwa kwa mkono au pa kukumbukwa. Mipaka hii huwekwa na watu, na watu wakihama nayo huhama. Kamba ya kupimia viwanja haina kazi katika shughuli hiyo.

Ushahidi hauhitaji safari ndefu. Mji wa Lindi umejengwa kando ya ghuba ambamo mto Lukuledi humwaga maji yake, na upande wa pili wa ghuba iko Kitunda, ambako watu huvuka kwa chombo kwenda na kurudi. Mwanamke aliyesimama ufukweni Lindi akizungumza na jirani aliye ubavuni pake atasema, "Mwanangu yuko kule Kitunda." Simu yake ikilia, na apigaye akawa ndiye huyo mwana, mama yule yule, bila ya kuinua unyayo, atauliza, "Je, huko Kitunda mvua imenyesha?" Ghuba haikupungua upana kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Mto haukurudi nyuma. Kilichobadilika ni mtu anayesikiliza, na neno likalipokea badiliko hilo papo hapo. Fundisho la miti mitatu halina la kusema juu ya mama huyu, kwani kwa hesabu yake Kitunda yapaswa kuwa na neno moja tu kwa kila asimamaye Lindi.

Shahidi wa pili ni barua. Watu wa pwani ya kusini wana jamaa Unguja, Mombasa, na ng'ambo ya bahari hata Muscat, ambako Kiswahili husemwa majumbani mpaka leo. Aandikaye kutoka Lindi kwenda Muscat huandika, "Sisi huku hatujambo, sijui ninyi huko mliko." Kati ya "huku" na "huko" pana bahari nzima. Ikiwa maana ya "huko" ni mbali kidogo, basi Muscat iko mbali kidogo na Lindi, na nchi iliyo mbali zaidi bado haijagunduliwa. Mwandishi huyo huyo, katika barua hiyo hiyo, akitaja shamba la marehemu baba yao lililo mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni pake, ataandika "kule shambani". Shamba la nusu saa limepewa neno la mbali, na Arabuni imepewa neno la katikati. Aaminiye miti mitatu hana budi kuzihukumu barua za namna hii kuwa zimekosewa, na akifanya hivyo atakuwa amewahukumu wenye lugha kwa sheria ambayo hawakuitunga na wala hawaifuati.

Katika shauri la barua, Kilwa ina haki ya kusikilizwa kabla ya miji mingine. Barua za Kiswahili zilizo kongwe kuliko zote zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na asili zake zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, Bara Hindi. Barua, kwa umbo lake, ni mahali pawili palipounganishwa na karatasi moja: penye kalamu na penye macho. Watu walioandikiana kwa lugha hii kuvuka maji kwa muda wa zaidi ya miaka 300 walihitaji neno la upande wa kalamu, neno la upande wa macho, na neno la mahali pasipokuwa pa mmoja wala wa mwingine. Lugha yao iliwapa maneno hayo matatu. Kuyageuza leo kuwa vituo vitatu vya barabara moja ni kuwapokonya watu wa barua chombo chao na kumkabidhi mpima barabara, ambaye hakukiomba.

Shahidi wa tatu ni hadithi. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba hadithi hufunguliwa kwa "hapo zamani za kale". Hakuna wakati ulio mbali kuliko huo. Hauna mwaka, hauna mfalme ajulikanaye, na wanyama walikuwa wakinena. Kwa hesabu ya masafa, wakati huo ungestahili "pale", na "pale" yenyewe ingekuwa haitoshi. Lakini asemaye "pale zamani za kale" atachekwa na watoto waliokaa mkekani. Sababu yake ni nyepesi kwa mwenye kukubali kwamba "hapo" ni neno la msikilizaji. Msimulizi huuchukua wakati ule usiojulikana akauweka mikononi mwa wasikilizaji, kana kwamba wamekwisha kuuzoea, kisha husonga mbele nao. Neno la mwanzo wa hadithi ni zawadi kwa asikilizaye.

Haya si mageni kwa wanachuo. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliitenga ile -o ya "huyo", "hicho" na "hapo" akaiita ya urejeo, yaani yenye kurejea jambo ambalo wazungumzao wamekwisha kulijua. Alikuwa mgeni wa lugha, na sikio lake liliyapata yale ambayo wenyeji wengi wameyaacha yapotee vitabuni mwao. Sarufi yake imesomwa kwa vizazi na haijakosekana katika maktaba. Kwa hiyo walioandika baadaye kwamba "hapo" ni "mbali kidogo" hawawezi kutoa udhuru wa kutojua. Walichagua kilicho rahisi kupigiwa mistari ubaoni.

Yapasa kuwapa wapinzani haki yao. Watasema: je, hakuna umbali kabisa katika maneno haya? Upo. Wawili wakisimama pamoja bandarini Kivinje, chombo kilichotia nanga mbele yao ni "hiki" na chombo kilicho upeo wa macho ni "kile", na hakuna abishaye. Walakini hata hapo mpaka umewekwa na wale wawili: "hiki" ni cha upande wao, "kile" ni cha nje ya upande wao. Wakiingia ndani ya mtumbwi mmoja, "hiki" hupungua mpaka kuwa mtumbwi. Wakizungumzia nchi na nchi, "hii" hupanuka mpaka kuwa bara zima. Kipimo kinachonyumbuka namna hiyo hakiwezi kuitwa kipimo cha masafa.

Na pale Kiswahili kinapotaka kupima masafa yenyewe, kina njia yake, nayo haimo katika vitabu vya miti mitatu. Hupima kwa pumzi. Mvuvi wa Songo Mnara aulizwaye nyavu zake zimetegwa wapi husema "kule" ikiwa ni mbali, na "kuleee" ikiwa ni mbali zaidi, sauti ikipanda na kurefuka kwa kadiri ya maji yaliyo kati. Hapo ndipo umbali ulipotiwa: katika urefu wa irabu, pamoja na kidevu kilichoinuliwa na mkono ulionyoshwa. Kila msemaji anajua kwamba irabu hiyo ikirefushwa mno kwa mahali pa karibu huwa mzaha. Sarufi ya shuleni imeacha kipimo cha kweli cha masafa, ikakitia kisichokuwapo mahali ambapo lugha iliweka watu.

Kisa kimoja cha kale chaonesha jinsi watu wa Kilwa walivyolielewa jambo la mbali na karibu. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu yasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa na mgeni aliyetoka Shirazi kwa nguo za kiasi cha kukizunguka. Muuzaji alivuka akaenda bara, na moyoni aliazimu kurudi kukitwaa kwa hila, maana wakati wa maji kupwa watu walikuwa wakivuka kwa miguu. Mnunuzi alipopata habari akauchimba mkondo. Muuzaji alipofika penye kivuko akaketi kungoja maji yapwe kama ilivyokuwa desturi; maji hayakupwa, akarudi kwao kwa majuto. Kama kisa hiki ni historia au ni ngano, wanahistoria wataamua. Kwa shauri la lugha, funzo lake li wazi. Urefu wa njia kati ya bara na kisiwa haukuongezeka hata shibiri moja. Lakini mahali palipokuwa pa kufikiwa pakawa ng'ambo. Kwa watu wa pwani hii, maji kujaa na kupwa huamua kilicho karibu. Mwendo wa miguu hauamui peke yake. Neno "ng'ambo" lenyewe halina masafa: kwa mtu wa Lindi, Kitunda ni ng'ambo, na Arabuni ni ng'ambo pia. Maana yake ni upande wa pili wa maji, na maji ndiyo yanayohesabiwa.

Kosa la masafa lingekuwa dogo kama lingeishia kwenye safu moja ya maneno. Lakini maneno ya mahali si matatu, ni tisa. Iko safu ya "hapa, hapo, pale". Iko ya "huku, huko, kule". Na iko ya "humu, humo, mle". Kwenda chini ya safu hizi ni kuuliza pa nani: pa msemaji, pa msikilizaji, au pa nje yao. Kwenda kando ni kuuliza pa namna gani: mahali penyewe palipo dhahiri, upande usio na mpaka, au ndani. Nahodha "yupo chomboni" kwa yule anayemhitaji sasa na kujua atampata. "Yuko chomboni" kwa yule ambaye chombo kwake ni upande fulani wa dunia. Na "yumo chomboni" kwa yule ajuaye kwamba chombo kikizama naye atazama. Kiingereza cha leo kina maneno mawili mepesi kwa mambo haya tisa, na hakuna aibu katika hilo. Kila lugha ina mahali ilipoweka mali yake. Aibu ni kwa mwenye mali kuihesabu kwa vidole vya jirani.

Pwani ya Kilwa na Lindi ingalifaa kuwa shule ya jambo hili. Kilwa yenyewe ni jina moja lililogawanywa mahali patatu. Kisiwani ulikuwa mji wa masultani na msikiti mkuu, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331. Kivinje ulistawi kwa biashara ya misafara katika karne ya 19. Na Masoko leo ni makao ya wilaya. Asemaye "Kilwa" huulizwa "Kilwa ipi?", na jina la kongwe kuliko zote limejibu swali hilo kwa sarufi: Kisiwani, kwa ile -ni inayogeuza kitu kuwa mahali. Nyuma ya pwani hiyo wamo Wamatumbi, Wamwera, Wamachinga na Wamakonde. Lyndon Harries aliandika sarufi ya Kimwera mwaka 1950, na David Odden akachapisha kitabu juu ya fonolojia na mofolojia ya Kimatumbi mwaka 1996. Na asomaye sarufi za lugha hizi huona kwamba pa-, ku- na mu- zingali zikisimama mbele ya majina, kama zilivyosimama katika lugha za Kibantu tangu zamani. Mtoto anayetoka Milima ya Matumbi akiteremka kwenda kusoma pwani huja na mgawanyo huu kichwani mwake. Angestahili kuambiwa, "Ulichonacho ndicho Kiswahili nacho kinacho." Badala yake huoneshwa miti mitatu.

Kwa kuwa shule haikuufundisha mgawanyo huu, uandishi umeanza kuupoteza. Neno "kwenye" limekuwa kama nzige. Zamani lilikuwa na ndugu zake wawili, "penye" na "mwenye", kila mmoja akikaa kwake: penye nia pana njia, na penye miti hapana wajenzi. Leo habari husomwa ya kwamba samaki wako "kwenye ndoo", mkutano uko "kwenye uwanja", na hoja iko "kwenye kitabu", hata mtu akidhani ndoo, uwanja na kitabu ni vitu vya umbo moja. Mfuko uliokuwa "mfukoni mwangu" umekuwa "mfukoni kwangu", kana kwamba fedha zimo upande wa mfuko na si ndani yake. Mtafsiri wa matangazo akikutana na neno la Kiingereza la mahali huandika "huko", "hapo" au "pale" kama mtu achukuaye kombe lolote ufukweni.

Dira nayo imeingiwa na kutu. Lindi iko kusini mwa Tanzania, kwa kuwa imo ndani ya nchi hiyo, katika sehemu yake ya kusini. Msumbiji iko kusini ya Tanzania, kwa kuwa iko nje yake, nawe huna budi kuvuka Ruvuma ili ufike. Herufi mbili tu, mw-, zilikuwa zikilinda mpaka wa nchi. Siku hizi mwandishi wa gazeti huandika "kusini mwa" kwa zote mbili, na msomaji huachiwa akisie kama jambo limetukia kwao au kwa jirani.

Atakayesema kwamba haya ni mapambo ya wanasarufi na aketi na mzee wa Kilwa anayeandika wasia. Mathalani mzee huyo ataka kumpa binti yake mikorosho. Akiandika "mikorosho iliyomo shambani", ametoa ile iliyo ndani ya mipaka na haikuzidi mti mmoja. Akiandika "mikorosho iliyoko shambani", ametaja mikorosho ya upande ule, na ndugu wa kiume anaweza kuuliza kama miti iliyo mpakani nayo imehesabiwa. Akiandika "mikorosho iliyopo", msomaji mkali ataweza kudai kwamba ni ile iliyokuwapo siku ya kuandika, na kwamba miche iliyopandwa baadaye haimo. Karani asiyejua tofauti hizi akinakili wasia kwa kuandika "mikorosho iliyoko kwenye shamba", amewapa warithi mgogoro pamoja na mali. Herufi moja katikati ya kitenzi imebeba mavuno ya mtu. Nani atasema kwamba ni pambo?

Yako majibu mawili ambayo hutolewa dhidi ya hoja za namna hii. La kwanza ni kwamba lugha hubadilika, na azuiaye badiliko ni kama azuiaye kusi kwa kiganja. Ni kweli kwamba lugha hubadilika, na Kiswahili ni mfano mwema. Kilikwisha kuacha viambishi vya mahali mbele ya majina, isipokuwa katika masalio kama "kuzimu" na "kuume", kikachukua -ni nyuma ya jina. Lakini kilipofunga mlango mmoja kilifungua mwingine: -ni moja ilibeba mahali pote patatu, na tofauti ikahifadhiwa katika upatanisho, "nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu". Hilo lilikuwa badiliko la mwenye nyumba anayehamisha vyombo vyake kutoka chumba kwenda chumba. "Kwenye" ya leo haihamishi chochote. Hutupa nje vyombo viwili na kubaki na kimoja, wala haitoi neno la kushika nafasi zilizoachwa wazi.

Jibu la pili ni kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa Mombasa wa mwaka 1928, na kwa hiyo usemi wa Kilwa na Lindi hauna nguvu ya hoja. Jibu hili lajipiga lenyewe. Maneno tisa ya mahali si ya Kimgao peke yake. Unguja nako husemwa "huko uliko" na "hapo zamani za kale". Fundisho la miti mitatu halitokani na Kiunguja wala na lahaja nyingine yoyote ya pwani. Limetokana na haja ya mtahini kupata jibu moja la kusahihisha upesi.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mwanachuo wa isimu anayepita chini ya mafundisho haya hufika chuo kikuu akafunguliwa macho kwa mambo ya mbali. Husoma habari za lugha zinazoitwa za Kipapua, zisemwazo katika kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa jirani, ambazo ni mamia kwa idadi na hazimo katika ukoo mmoja. Husoma katika sarufi ya Kiyimas iliyoandikwa na William Foley mwaka 1991 kwamba watu hao wa bonde la Sepik wana kionyeshi cha penye msemaji, kionyeshi cha penye msikilizaji, na kionyeshi cha mbali na wote wawili. Husoma katika kitabu cha Alexandra Aikhenvald cha mwaka 2008 kwamba Kimanambu, lugha ya bonde hilo hilo, huongeza juu ya hayo kama kitu kiko juu au chini. Husoma kwa František Kratochvíl, aliyeandika mwaka 2007 juu ya Kiabui cha kisiwa cha Alor, kwamba mlima na bonde vimeingia katika maneno ya mahali. Mwanachuo hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu, kwani hizo ni lugha zenye akili nyingi juu ya ardhi zilipo.

Lakini na aulize kwa nini anastaajabu. Mfumo wa Kiyimas, penye wewe, penye mimi, na nje yetu, ni mfumo alioukuta kinywani mwa mama yake kabla ya kuota meno. Na mlima wa Kiabui una ndugu yake pwani: mtu wa uwanda wa Rondo "hushuka" Lindi, mtu wa Lindi "hupanda" bara, na hakuna awezaye kuvigeuza vitenzi hivyo bila ya kuonekana mgeni. Tofauti ni kwamba Waabui wameutia mteremko katika vionyeshi, na Waswahili wameuacha katika vitenzi. Wataalamu walikwenda mpaka Sepik, wakaketi na wenyeji, wakasikiliza nani anamwambia nani, kisha wakaandika. Heshima hiyo waliyopewa watu wa Sepik haijatolewa kwa ukamilifu kwa watu wa Kilwa katika vitabu ambavyo watoto wao husomeshwa. Mgeni wa mbali amehojiwa. Mwenyeji amechorewa miti.

Hapana haja ya kungojea kamati wala mkutano ili kulirekebisha jambo hili. Mchoro wa shuleni na uongezwe mtu wa pili, kisha mwanafunzi aulizwe mti upi uko penye nani. Swali la mtihani lisilotaja msikilizaji na liondolewe, kwa kuwa halina jibu. Safu ya "humu, humo, mle" na irudishwe madarasani kwa mifano ya vyombo, mitungi na mifuko, na upatanisho wa mwa- usahihishwe kwa ukali ule ule unaotumika kusahihisha upatanisho wa watu na wa miti. Wahariri na waulizwe, kila waandikapo "kwenye", kama wamekusudia pa-, ku- au mu-. Na vyuo vikuu, ambavyo hupeleka wanachuo kukusanya maneno, na viwapeleke Kisiwani, Songo Mnara, Kitunda na Mikindani, si kwa kutafuta maneno yaliyosahaulika, bali kwa kusikiliza maneno tisa ambayo kila mtu anayajua: nani ameyasema, amemwambia nani, na kila mmoja wao alikuwa amesimama wapi.

Mpaka hayo yafanyike, mwanafunzi wa Lindi atakayeandika "huko Muscat" katika karatasi ya mtihani, huku mtahini akitaka "kule", ataendelea kunyimwa alama yake. Alama hiyo ni haki yake, na anayedaiwa ni kitabu.